Dell PowerEdge R730 iliyotumika: soma jina lake kabla ya kulipa

Kwa miezi kumi na minne sasa ninaitunza seva ya Dell PowerEdge R730, yaani kompyuta kubwa inayohudumia kompyuta nyingine, katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo hapa Moshi. Tuliinunua Arusha ikiwa imekwisha kutumika, kwa kuwa mpya ya daraja lake ilizidi bajeti yetu. Nitaeleza inavyofanya kazi, lakini naanza na jina lake, maana ndilo lililolinda fedha za wanachama.

Katika duka la kwanza tulionyeshwa mashine mbili zenye kimo kimoja na sura inayokaribiana, R720 na R730, bei zikipishana kwa shilingi laki tatu, na muuzaji akatuhakikishia kuwa zote ni za kizazi kimoja. Sivyo. Katika majina ya Dell yenye tarakimu tatu, herufi ya mwanzo hutaja umbo: R ni seva ya kufungwa kwenye raki, yaani fremu ya chuma ya kupangia mashine, na T ni ile inayosimama yenyewe sakafuni. Tarakimu ya kwanza ni daraja, na hapa 7 ni mashine ya prosesa (chipu kuu za kukokotoa) mbili yenye kimo cha 2U, U ikiwa ni kipimo cha nafasi moja ya raki, ilhali mwenzake R630 ana 1U tu. Tarakimu ya kati ndiyo ya kukodolea macho, kwani inataja kizazi: 1 ni kizazi cha 11, 2 ni cha 12, 3 ni cha 13, 4 ni cha 14. Ya mwisho inaonyesha ukoo wa prosesa, 0 ikiwa ni Intel na 5 ikiwa ni AMD.

Kwa hiyo R720 ilitoka mwaka 2012 na inatumia RAM (kumbukumbu ya kazi) za aina ya DDR3, na R730 ilitoka mwaka 2014 ikiwa na DDR4. RAM hizo haziingiliani, na anayenunua ya zamani leo atalazimika kuendelea kutafuta vipuri vya zamani kila atakapotaka kuiongezea nguvu. Tulilipia tofauti ile ya laki tatu bila kinyongo, ila katika duka jingine.

Utaratibu huu wa majina una kasoro, nami naona ni kubwa kwa mnunuzi wa kawaida. Namba kubwa haimaanishi mashine mpya: R910 ni ya kizazi cha 11, hivyo ni kongwe kuliko R730, na R430 yenye namba ndogo ni mpya kuliko R720. Baadaye zikaja tarakimu nne, kama R7525, ambapo 5 ya kwanza ni kizazi cha 15, 2 ni idadi ya prosesa na 5 ya mwisho ni AMD. HPE, washindani wa Dell, wanamrahisishia mnunuzi kwa kuandika kizazi waziwazi, kama DL380 Gen9, na katika hilo ninawapendelea wao.

Jina pia halisemi kila kitu. R730 inaweza kuwa na prosesa za Intel Xeon E5-2600 v3 au v4 (v ni toleo), na ubaoni mbele huwezi kuona ni zipi. Tuliomba iwashwe mbele yetu, tukakuta E5-2640 v4 mbili, kila moja ikiwa na viini kumi, yaani sehemu kumi za kukokotoa. Kisha tukavuta kibao kidogo cha mbele chenye Service Tag, yaani namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu saba, tukaitafuta katika tovuti ya Dell na kuona ilivyotoka kiwandani.

Kuhusu kazi yenyewe, nimeridhika nayo sana. Mfumo wa hesabu na hifadhi ya nyaraka vinaishi katika mashine pepe mbili, yaani kompyuta mbili za kiprogramu ndani ya seva hii moja, na hata siku za mwisho wa mwezi, wanachama wanapofurika kaunta, sijaona ikilemewa. Ina vyanzo viwili vya umeme. Kila kimoja nimekichomeka kwenye UPS yake (kifaa chenye betri ya akiba umeme ukikatika), na UPS moja ilipokufa mwezi wa nne kazi haikusimama. Feni zake hupiga kelele kubwa inapowashwa, na joto la Moshi si la Arusha, kwa hiyo nashauri ipewe chumba chake chenye hewa.

Sasa tunatafuta seva ya pili kwa ajili ya nakala za akiba, na tumelenga R730xd, ambayo herufi zake za mwisho humaanisha nafasi nyingi zaidi za diski. Katika maombi ya bei tumewataka wauzaji waandike jina kamili la modeli, jina la prosesa pamoja na v yake, aina ya RAM na Service Tag, na ankara isiyokuwa na hayo manne haitafika mezani kwa kamati ya manunuzi.