Uzoefu wangu: niliuziwa kitabu ambacho mwandishi mwenyewe anaonya usinunue

Duka silitaji. Wenzangu wa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya mtalijua kwa plastiki: kila kitabu kimezungushiwa na kupigwa gundi, hata vya mtumba.

Niliagiza kwa simu riwaya ya Patrick Rothfuss, ule mfululizo wa kijana Kvothe. Kitabu cha tatu cha Kvothe kipo? "Kipo dada, tuma hela na ya kutolea." Nikatuma. Kufika dukani napewa kitu chembamba ajabu, wakati cha pili kina karibu kurasa elfu moja. Nikaomba nifungue nione. "Ukifungua umenunua." Kaka, si nimeshalipa? "Basi kafungulie nyumbani, wengine wakikuona na wao watataka." Akarudi kwenye simu yake, anacheka na mtu huko, mimi bado nimesimama mbele yake!

Nikakifungulia kwenye daladala ya Uyole, kwa meno. The Slow Regard of Silent Things. Utangulizi wa Patrick Rothfuss unaanza kwa kukwambia kwamba huenda hutapenda kukinunua kitabu hiki. Anaeleza bila kuficha: kama hujasoma vile viwili usianzie hapa, na kama umevisoma ukitaka kujua Kvothe ameishia wapi, humu hamna. Yaani mtu yuko Wisconsin huko ananionea huruma kuliko huyu tunayesalimiana naye kila siku ya soko. Onyo lilikuwemo kurasa za mwanzo kabisa, plastiki ikaliziba.

Nikarudi na risiti aliyoiandika kwa mkono wake, "Kvothe na. 3". Hakuitazama. Alichukua kitabu, akafunua penye mwaka, akanigeuzia: "Dada, cha kwanza 2007, cha pili 2011, hiki 2014. Sasa hiki cha ngapi?" Na yule mama mwenye duka pembeni akacheka! Kurudisha hela, hapana, plastiki imeshatoka. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nikaondoka kabla sijasema mengine.

Kwa hasira niliapa sitakisoma. Lakini baridi ya Uyole ya mwezi wa sita mnaijua, umeme nao ulikatika, nikajikuta ndani ya blanketi na tochi.

Jamani. Ni habari ya Auri, yule binti anayeishi peke yake kwenye mahandaki chini ya Chuo anachosoma Kvothe. Siku saba anamsubiri mgeni, basi. Hakuna vita, hakuna anayezungumza na mwenzake hata mara moja. Anabeba gia ya shaba iliyokatika jino, anaizungusha chumba hadi chumba kutafuta mahali inapostahili kukaa, na akikosea inamuuma rohoni. Kuna kurasa kadhaa ambazo anatengeneza sabuni tu. Mimi napika sabuni ya kuuza, na naapa sijawahi kuona mtu anaiandika kazi hii kwa heshima namna ile. Zile kurasa nilizirudia. Dada yangu alisoma mbili akanirudishia: "Huyu binti anaumwa?" Namwelewa, si kitabu cha kila mtu. Michoro ya Nate Taylor angalau aliisifia.

Kwa hiyo kitabu nakipa nyota nne. Tano, kwa ile sabuni. Mwandishi nilitaka kumpa tano pia kwa ukweli wake, ila nikikumbuka cha tatu chenyewe tunakisubiri tangu 2011, damu inachemka. Mbili. Unaandikaje vizuri hivi halafu unatuacha njiani?

Duka sifuri, na ningeweza kushuka chini ya hapo ningeshuka. Juzi kwenye stetasi yao wameweka The Narrow Road Between Desires, ya 2023, hadithi nyingine ya pembeni, hii ya Bast, mwanafunzi wa Kvothe. Wameandika "Kvothe na. 4".

Nimeuliza bei.