Linux Mint kwenye laptopu kuukuu hapa Malindi: raha zake na vituko vyake

Wateja wameniuliza sana hiki nilichoweka kwenye laptopu ya dukani ni kitu gani na mbona hakiombi laisensi, sasa nimeona niandike mara moja niwe namtumia kila anayeuliza. Ni Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, toleo la 22, ile yenye sura ya Cinnamon. Nina kibanda cha kuchapa na kuprinti hapa mjini, barua, CV, mitihani ya shule na madrasa, fomu za eCitizen, kazi za kawaida tu, na hiyo ndo mashine inayonilisha kwa hivyo sisifu kitu nilichokigusa jioni moja nikakiacha. Naipa nyota nne kwa tano. Ile moja imeliwa na printa, ntaifikia.

Kilichonihamisha ni Windows 10, Microsoft waliacha kuitolea msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo laptopu nyingi za zamani hazina, na huku kwetu laptopu za zamani ndo nyingi, ni mitumba ya Ulaya au zile Waitaliano wanauza wakirudi kwao. Yangu ni ya namna hiyo, RAM GB 4. Wenyewe Mint wanasema GB 2 inatosha na 4 ndo ya kustarehe, diski GB 20 ya kuanzia japo wanashauri 100, mimi nasema ukiwa na 2 chukua ile yenye sura nyepesi ya Xfce na Cinnamon waachie wenye nafasi. Ni bure kabisa, na kwa kuwa imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, apdeti za usalama zinakuja mpaka 2029. Faili lenyewe ni karibu GB 3, tafuta waifai ya mtu usimalize bando lako, alafu unalipandisha kwenye flashi kwa programu ya Rufus au Etcher.

Na uzuri ni kwamba unaweza kuiwasha ndani ya flashi bila kugusa chochote kwenye diski. Hapo ndo pa kujaribu kila kitu: waifai, sauti, kamera, kufunga kifuniko na kufungua uone kama inaamka. Watu wana haraka ya kubonyeza Install alafu kesho wanakuja na lawama.

Shida ya kwanza mara nyingi ni waifai. Si laptopu zote, lakini zenye chipu ya Broadcom zinaweza kuwaka bila waifai kabisa, unaangalia pale chini kulia hakuna hata mtandao mmoja, mtu anasema basi Linux mbovu anairudisha. Tulia. Chukua simu na waya wake, chomeka kwenye laptopu, kwenye simu ingia mipangilio ya hotspoti uwashe ile ya kugawa intaneti kwa USB, laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao wa kawaida tu. Fungua Driver Manager, itatafuta yenyewe ikuonyeshe draiva (programu ya kuendesha chipu hiyo), chagua, weka paswadi, zima na uwashe, waifai hiyo. Ila waya uwe mzima, manake kuna zile nyaya za kuchaji peke yake hazipitishi data, na hizo utahangaika nazo mpaka maghribi.

Alafu kibodi, na hii nadhani ni shida ya Malindi kuliko mahali pengine Kenya. Laptopu za Waitaliano zina kibodi ya Kiitaliano, ina è na ò na ù pale tulipozoea alama nyingine. Kuna dada aliniletea yake akisema paswadi imekataa na ameiweka mwenyewe kwa mkono wake. Kumbe wakati wa kuinstoli mpangilio ulikuwa wa Kimarekani, baadaye ukabadilishwa uwe wa Kiitaliano ufuatane na vitufe, na paswadi yake ina @. Kwenye mpangilio wa Kimarekani @ ni Shift na 2, kwenye wa Kiitaliano Shift na 2 inatoa alama ya kunukuu, na @ imehamia AltGr (kitufe cha kulia kwa spesi) na ò. Na kwa vile paswadi inajionyesha nukta tupu, mtu hajui ameandika nini. Nikamwambia, dada yangu, bonyeza AltGr na ò, ikafunguka hapohapo. Mwenye kutumia terminali, lile dirisha la kuandika amri, ajue pia ile alama ya ~ haijachorwa popote kwenye kibodi hiyo, ni AltGr na ì.

Ukiwa umeacha Windows kando ya Mint utakutana na saa. Umetumia Mint, umezima, umewasha Windows, saa imerudi nyuma masaa matatu kamili, maghribi imeshaadhiniwa na laptopu inakwambia ni saa tisa na nusu alasiri. Hakuna kilichoharibika. Linux inaweka saa ya ndani ya mashine kwa saa ya dunia, UTC, alafu inaongeza tatu zetu, Windows inaisoma ileile ikidhani ni ya hapa. Fungua terminali kwenye Mint uandike `timedatectl set-local-rtc 1` na ugomvi umekwisha. Ndugu wa shida hiyo ni ile ya diski ya Windows kukataa kufunguka au kufunguka kwa kusoma tu bila kuandika, hapo kosa ni la Windows haikuzimwa vizuri, ina mtindo unaitwa Fast Startup inajilaza badala ya kuzima. Rudi Windows, shikilia Shift unapobonyeza Shut down, izime kisawasawa.

Sasa stima. Hapa ndo Mint iliniteka moyo. Betri ya laptopu yangu ni pambo, haishiki, kwa hivyo stima ikikatika katikati ya apdeti ndo imekatika na laptopu. Kwenye Windows nishaona mashine za watu zinazunguka vile vinukta siku nzima baada ya jambo kama hilo. Kwenye Mint ukiwasha tena ukajaribu apdeti inakataa, lakini inakwambia kabisa kwamba dpkg, kile kinachoweka programu, ilikatizwa na inakuandikia amri ya kuitengeneza: `sudo dpkg --configure -a`. Unaiandika, inaendelea palepale ilipoachia. Kama bado inalalamika unafuatisha `sudo apt --fix-broken install`. Kwa kawaida hapo inanyooka.

Kuna ile ya kutisha zaidi, inawaka skrini nyeusi yenye maandishi na neno initramfs, hakuna picha hakuna kipanya. Soma mstari wa juu yake, utakuta imetaja sehemu ya diski inayotaka kukaguliwa, kama /dev/sda2, basi unaandika `fsck -y /dev/sda2` na jina lile lililotajwa, unasubiri, unaandika `exit`. Ikijirudia kila wiki bila stima kukatika basi diski inakufa, kopi kazi zako mapema, usingoje.

Na ile "Could not get lock" inayowatia watu hofu, maana yake ni kwamba kuna apdeti nyingine inafanya kazi nyuma, subiri imalize. Kuna mafundi wanashauri kufuta lile faili la kufuli, msiwasikilize, ndo njia ya kuvuruga kila kitu.

Apdeti ikileta keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, na laptopu ikaganda kwenye kuwaka, kwa mashine kuukuu hutokea, wakati wa kuwasha shikilia Shift, au bonyeza Esc kwa zile za UEFI, itatokea menyu, ingia Advanced options uchague keneli ya zamani. Ya zamani haifutwi papo hapo, ipo. Mimi nimeona hii ndo akili kubwa kuliko zote humu ndani. Timeshift nayo washeni, inapiga picha ya mfumo mzima ukiharibu unarudi jana, ila kwa ilivyo kawaida haihifadhi faili zako binafsi za nyumbani, za mfumo tu, mtu asije akadhani picha za harusi ziko salama humo. Na weka chache, manake diski ndogo inajaa, na diski ikijaa kabisa unaweza kuandika paswadi sahihi ikakurudisha pale pale pa kuingilia. `df -h` inakuonyesha imejaa wapi, `sudo apt autoremove` inapunguza.

Skrini ikiganda tu katikati ya kazi, kabla hujashikilia kitufe cha kuzima jaribu Ctrl na Alt na Esc, Cinnamon inajiwasha upya na barua uliyokuwa unaandika inabaki wazi.

Faida ambayo mwenye saiba ataielewa zaidi ni flashi za wateja. Wale virusi wanaogeuza mafolda yote kuwa shotikati, mwanafunzi anakuja na mradi wake analia. Kwenye Mint shotikati zile na vijiprogramu vyake vya Windows haviwaki kwa kuchomeka flashi tu, na mafolda ya kweli yaliyofichwa yanaonekana wazi, wakati mwingine yamewekwa ndani ya folda lisilo na jina. Unakopi unampa. Hii peke yake imeniletea wateja.

Kwenye nyaraka kuna kazi kidogo. LibreOffice, programu ya ofisi ya huku mahali pa Microsoft Office, inafungua faili za Word, lakini CV iliyoandikwa kwa Calibri ya ukurasa mmoja inaweza kumwagika ikawa miwili, kwa sababu fonti ile haimo. Weka Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria, vipimo vya herufi ni vilevile kwa hivyo mistari inakaa mahali pake, paketi ni fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Times New Roman na Arial tayari zina mbadala wao wa Liberation. Maustadhi wa madrasa wanaoniletea mitihani ya Kiarabu nao nimewatosheleza: unaongeza kibodi ya Kiarabu kwenye mipangilio, kwenye LibreOffice unawasha CTL (msaada wa maandishi kama ya Kiarabu) upande wa lugha ili upate kitufe cha kuandika kutoka kulia, na fonti ya Amiri (paketi fonts-hosny-amiri) inatoa irabu zilizokaa vizuri, fatha na kasra hazigongani na herufi. Ustadhi mmoja aliangalia karatasi akasema mashallah, sasa hii mtoto atasoma. Lakini kazi yenye majedwali na makro nzito za Excel, hapana, usijidanganye.

Menyu kwa Kiswahili? Ukichagua Kiswahili nyingi zinabaki Kiingereza. Inasikitisha kidogo, manake mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, kwa hivyo si kwamba haiwezekani.

Sauti ikipotea angalia kwanza mipangilio ya sauti pale kwenye Output, mara nyingi imejichagulia HDMI na hakuna TV. Basi.

Sasa printa, mwizi wa nyota yangu. Printa mpya za mtandao zinajitambulisha zenyewe bila draiva, raha. Za HP nyingi zina programu yake ya HPLIP, unaandika `hp-setup` unajibu maswali. Balaa ni zile leza ndogo za bei nafuu ambazo kazi yote ya kuchora ukurasa zinaiachia draiva ya Windows, hizo unaweza kutafuta draiva mchana kutwa ukapata ya toleo la miaka hiyo isiyokubali tena. Yangu ya kwanza ilikuwa ya hivyo, nikaiuza kwa mwenye Windows. Kabla hujanunua angalia modeli kwenye orodha ya printa ya tovuti ya OpenPrinting, ni dakika mbili. Na printa inayofanya kazi ikigoma ghafla na karatasi zimepangana foleni, fungua brauza uandike localhost:631, ingia Printers, utakuta imeandikwa Paused, bonyeza Resume Printer. Karatasi ikikwama mara moja tu inaweza kujisimamisha na haikwambii.

Mwenye kutumia Photoshop kazini au programu ya mahesabu ya Windows pekee asihame, abaki alipo au aweke zote mbili. Mwenye kuandika, kuingia mtandaoni, kutazama video na kuprinti, ahame. Na asiye na waifai ya kudaunlodi aje dukani na flashi tupu ya GB 8 nitamnakilia bure, ila printa yake asinibebee, aniletee jina la modeli tu.