Gari la kuvuka Chalbi: ipi inunuliwe kwanza kati ya springi, shokapu na vifaa vya usalama

Gari linalotoka Marsabit kwenda Maikona, Kalacha na North Horr hupita kwenye ardhi za aina tatu katika safari moja. Kuna mawe meusi ya volkano yenye ncha, kuna barabara ya changarawe iliyofanya mawimbi magumu yanayotikisa gari kwa saa nyingi, na kuna uwanda wa jangwa la Chalbi wenyewe, kitako cha ziwa la kale ambacho wakati wa kiangazi ni kigumu na cheupe kwa chumvi, lakini baada ya mvua hugeuka tope linalomeza magurudumu. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anayeiga magari yanayochezea vilima vya mchanga kule Uarabuni, yaliyoinuliwa sana na kufungwa shokapu za mashindano, atalipa fedha nyingi kwa vitu visivyomfaa huku. Mwongozo huu unahusu hasa pikapu mbili zinazobeba watu na mizigo kaskazini mwa Kenya, yaani Toyota Land Cruiser 79 na Toyota Hilux.

Kabla ya kuuliza bei, pima uzito wa gari likiwa limepakiwa kama linavyosafiri. Pipa moja la lita 200 za dizeli lina uzito wa takriban kilo 170 bila kuhesabu pipa lenyewe, na jerikani tano za maji za lita 20 ni kilo 100 nyingine. Ukiongeza bampa ya chuma, kereti ya juu, tairi mbili za akiba na abiria watano, pikapu iliyotengenezwa kubeba takriban tani moja inaweza kuwa imefika mwisho wa uwezo wake kabla hata gunia la kwanza halijapandishwa. Hakuna springi inayoondoa kikomo hicho, kwa kuwa ekseli, breki, rimu na chesisi hubaki zile zile. Springi huchaguliwa kwa mzigo ambao gari hubeba kila siku. Ukifunga springi za mzigo mzito kwenye gari linalotembea tupu, magurudumu yatarukaruka juu ya mawimbi na dereva atapoteza usukani penye kona.

Katika orodha yangu, nafasi ya kwanza naipa seti kamili ya springi na shokapu kutoka kwa mtengenezaji mmoja, yenye kuinua gari sentimita 4 hadi 5 tu, na yenye shokapu nene za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto, na kwenye mawimbi marefu mafuta yake hupata moto, huwa mepesi, na mwishowe huchanganyika na gesi na kutoa povu. Hapo shokapu haizuii chochote tena, na gari huelea ingawa hakuna kilichovunjika. Shokapu nene ina mafuta mengi zaidi, kwa hiyo huchelewa kupata joto. Faida yake ya pili haitajwi mara nyingi madukani, nayo ndiyo iliyonifanya niipe nafasi hii: jiwe la volkano likigonga mrija wa nje na kuubonyeza, pistoni huendelea kufanya kazi ndani ya mrija wa pili. Old Man Emu Nitrocharger, Ironman Foam Cell na Koni Heavy Track Raid zote ni za jamii hii. Foam Cell huweka sponji maalumu mahali pa gesi ili povu lisitokee, ilhali Koni ni kubwa na ina kizuizi cha mafuta mwishoni mwa mwendo wake, jambo linalosaidia sana gari zito linapoanguka kwenye shimo.

Nafasi ya pili ni shokapu za mrija mmoja zenye gesi ya shinikizo kubwa, kama Bilstein B6, zikifungwa pamoja na springi mpya za kiwango cha kiwandani. Gesi hutengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, kwa hiyo povu si rahisi kutokea, na joto hutoka haraka kwa kuwa mrija unagusana na upepo moja kwa moja. Kama njia zako ni za changarawe na chumvi zaidi kuliko mawe, ningeziweka sawa na zile za kwanza. Udhaifu wake ni kwamba mrija ukibonyea, pistoni hukwama, kwa hiyo mnunuzi aongeze kinga ya chuma upande unaopigwa na mawe.

Shokapu zenye tangi la pembeni na vitasa vya kurekebisha, kama BP-51, ni nzuri kweli, lakini naziweka ya tatu. Huhitaji kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo na fundi mwenye vifaa maalumu, na fundi huyo haonekani kwa urahisi ukiwa North Horr.

Mifuko ya hewa ya kusaidia springi za nyuma naiweka ya nne, kwa tahadhari. Huinua mkia wa gari, lakini hupeleka mzigo wote kwenye sehemu moja ya chesisi, na pikapu nyingi duniani zimepinda chesisi nyuma ya kabini kwa sababu hiyo. Vipande vya kuinulia springi, au pingu ndefu (vyuma vinavyoshikilia mwisho wa springi kwenye chesisi) za springi za nyuma, usinunue kabisa, kwani hukuongezea urefu bila kukuongezea udhibiti.

Urefu nao una gharama zake. Hilux ikipita sentimita 5, jointi za ekseli ya mbele hufanya kazi kwa pembe kali, na mipira yake ikichanika vumbi huingia. Land Cruiser 79 ikiinuliwa, pembe ya usukani (caster) hubadilika na gari huanza kutangatanga barabarani, kwa hiyo dai bushi za kurekebishia pembe hiyo katika bei ile ile. Mwambie fundi akuonyeshe mipira ya breki magurudumu yakiwa yananing'inia: ikiwa imevutika, inahitaji kurefushwa. Taa za mbele zielekezwe upya, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi.

Kwa usalama, cha kwanza kununua si cha bei kubwa: kipimo cha upepo wa tairi na kompresa ya kweli ya kuzijaza. Kwa tairi zisizo na tyubu, upepo wa psi (kipimo cha shinikizo) 26 hadi 28 kwenye mawimbi, na 18 hadi 20 kwenye mchanga laini, mwendo ukipunguzwa, hufanya kazi ambayo seti yoyote ya springi haiwezi. Tairi za tyubu, kama 7.50R16 zinazofungwa kwenye magari mengi ya huko, hazivumilii kushushwa hivyo, kwa kuwa tairi huteleza juu ya rimu na kung'oa vali.

Kisha nunua sehemu za kuvutia zilizofungwa kwenye chesisi kwa boliti, mbele na nyuma. Kamba inayonyumbuka isifungwe kamwe kwenye tufe la chuma la kuvutia trela, kwani likikatika huruka kama risasi na watu wamekufa kwa hilo. Mikanda iwepo kwa kila abiria, na ukuta wa wavu utenge mizigo na watu, maana gari likipinduka jerikani moja yenye kilo 20 inaweza kuua. Nasisitiza jambo hili kwa sababu abiria wa nyuma ndiye mara nyingi hafikiriwi wakati wa kupanga bajeti.

Mbao za plastiki za kujinasua na koleo vinatangulia winchi, kwa kuwa katikati ya Chalbi hakuna mti wa kufungia waya. Jeki iwe na ubao mpana wa kukalia.

Baada ya kufunga, rudi gereji ukiwa umetembea takriban kilomita 500, boliti zote zikazwe upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na boliti za bushi zikaguliwe kwanza.