Duka la mishipi na nyavu, Mji wa Kale Mombasa

Mkitaka mshipi wa nailoni nendeni duka la nyavu Mji wa Kale, upande wa soko la samaki, yule mzee yuwajua anachouza wallahi. Nlimuuliza kamba ipi yazama akanambia chukua nailoni bwanangu, ile ya polipropilini itakuelea juu, halafu akaingia hadithi ya Carothers, mkemia Mmarekani alokuwa afundisha chuo cha Harvard akachukuliwa na kampuni ya kemikali ya DuPont 1928, timu yake ikatoa nailoni 1935, mwenyewe akafa 1937 haijaanza hata kuuzwa. Madukani ilianza na miswaki 1938, soksi ndefu za wanawake zikashika moto 1940. Yani uipe dunia kitu kama hiki na usione hata mswaki mmoja, inauma.

Mshipi wenyewe poa, wavutika kiasi samaki akikurupuka haukatiki ovyo, ila usiuache juani, jua laumaliza. Bei iko juu kidogo na chenji ni bahati yako. Ijumaa mchana wamefunga. Vifundo hukufungia bure lakini uwe na wakati, mzee haongei kidogo.