Chanjo ya bure ya kichaa cha mbwa mtaani kwetu: uzoefu wangu

Nafuga mbwa wa ulinzi na paka, na kila mwaka huwapeleka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa ya idara ya mifugo ya halmashauri yetu, hapa Tanzania. Gari la matangazo hupita jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwetu mara nyingi Septemba, kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ya tarehe 28. Mnakutana ofisi ya serikali ya mtaa. Hulipi chochote, unapewa kadi.

Afisa mifugo wetu ana mkono mwepesi. Mbwa anapigwa sindano hata hajamaliza kumnusa viatu. Paka wanachanjwa pia, na vitoto vya mbwa vilevile. Majirani huviacha nyumbani eti bado vidogo, na ndivyo watoto wanavyoshinda navyo!

Kasheshe ni foleni. Mbwa wengi hawajawahi kuvalishwa kamba, halafu wanaletwa na watoto wa shule. Nenda asubuhi na kamba fupi, paka mtie kwenye tenga lenye kifuniko. Wanaokuja mchana hukuta dawa imekwisha.

Huduma iliyonifurahisha zaidi lakini ilikuwa siku mtoto wa jirani alipong'atwa. Vijana walishashika marungu. Afisa mifugo, kwa simu tu, akawakataza: mbwa afungwe, atazamwe siku 10, kwani akiwa na ugonjwa utajionyesha. Mtoto aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha apelekwe hospitali akaanze sindano bila kungoja hizo siku ziishe. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni karibu muhali. Mbwa alitoka mzima na mtoto yupo, anacheza mpira.

Sasa kinachoniudhi. Halmashauri hiyohiyo ilituma watu wa bunduki usiku kuua mbwa wanaozurura. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mbwa wa jirani mwenye kadi ya chanjo. Haukupita muda jalala likajaa mbwa wengine, hao hawajui sindano. Hesabu gani hii? Shirika la Afya Duniani linahimiza kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa, na linasema wazi kwamba kuwaua ovyo hakumalizi ugonjwa. Pemba walichanja hadi kichaa kikatoweka mwaka 2014. Kampeni zilipolegea kikarudi 2016, wakarudi kwenye sindano, na kufikia 2018 kikaisha tena.

Kwa chanjo nawapa nyota nne, ya tano naizuia mpaka walete dozi za kutosha. Kwa bunduki, sifuri. Namba ya afisa mifugo imebandikwa mlangoni pa ofisi ya mtaa, na simu anapokea hata Jumapili.