Kidonge cha TB cha dawa nne (RHZE): kinatibu vizuri, ila ini likiumia hakifai tena

Kila kidonge kina rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Kwa kutibu kifua kikuu cha kawaida tunakipa alama za juu kabisa. Mtu wa kilo 50 humeza vidonge 3 kwa siku, wa kilo 60 vidonge 4, kwa miezi 2. Kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Mgonjwa hawezi kuchagua dawa moja akaacha nyingine, na katika kliniki za serikali Tanzania na Kenya hutolewa bure.

Lakini dawa tatu kati ya hizo nne zinaweza kuumiza ini. Pirazinamidi na isoniazidi ndizo zinazotajwa zaidi, rifampisini kwa nadra. Ethambutoli haina lawama kubwa. Aghalabu hutokea ndani ya miezi 2 ya kwanza, hasa kwa mnywaji wa pombe, mzee, mwenye homa ya ini B au VVU. Hao wapimwe ini kabla ya kuanza.

Mkojo huwachanganya wengi. Rifampisini huugeuza kuwa rangi ya chungwa tangu mwanzo, na hilo si ugonjwa. Tazama macho. Yakiwa ya njano, au ukitapika mfululizo, ukachukia chakula, ukaumwa chini ya mbavu za kulia, usimeze dozi inayofuata. Nenda kliniki siku hiyohiyo. Kichefuchefu chepesi baada ya kumeza ni jambo jingine: mara nyingi hutulia ukimeza na chakula kidogo.

Kliniki hupima ALT, kimeng'enya cha ini kinachopanda kwenye damu ini likiumia. Dawa zote husimamishwa ikizidi mara 3 ya kikomo cha kawaida kwa mwenye dalili, au mara 5 kwa asiye nazo. ALT iliyopanda kidogo bila dalili hufuatiliwa tu. Kusimamisha tiba kwa ajili yake ni kumnyima mgonjwa dawa bila sababu. Aliyezidiwa na TB hupewa kwa muda dawa zisizolisumbua sana ini, kama ethambutoli na levofloksasini.

Udhaifu wa kidonge hiki huonekana wakati wa kurudi kwenye tiba. ALT ikishuka chini ya mara 2 ya kikomo cha kawaida, dawa hurudishwa moja moja: rifampisini kwanza, pamoja na ethambutoli, baada ya siku 3 hadi 7 ALT hupimwa tena, ndipo isoniazidi. Pirazinamidi huja mwisho, au huachwa kabisa kama macho yalikuwa ya njano, na tiba hurefushwa hadi miezi 9. Kukata RHZE vipande hakusaidii, maana kila kipande kina zote nne. Zinahitajika dawa za peke peke, na zahanati nyingi ndogo hazinazo. Dai rufaa ya hospitali kubwa. Ukikabidhiwa RHZE ileile baada ya macho kuwa ya njano, usiimeze kabla daktari hajakueleza sababu.