Firefox ya kompyuta: vichupo vingi, na historia inayotafutika

Kazi yangu ni ya kusoma na kulinganisha, kwa hiyo vichupo hujaa mpaka majina ya kurasa hayasomeki, zinabaki alama ndogo tu. Kivinjari nakipima kwa jambo moja: ukurasa niliousoma juzi nitaupata upesi kiasi gani? Kwa hilo, Firefox imenipendeza kuliko vingine vyote nilivyotumia.

Uzuri wenyewe uko kwenye upau wa anwani. Andika %, acha nafasi, kisha neno unalolikumbuka: inatafuta kwenye vichupo vilivyo wazi peke yake. Ukianza na ^, inatafuta kwenye historia tu. Nikiandika «^ figo», zinakuja kurasa nilizotembelea zenye neno hilo kwenye kichwa au anwani, bila matangazo wala matokeo ya mtandaoni kujichomeka katikati. Na ukurasa ukiwa tayari uko wazi, inakupeleka kwenye kichupo chake badala ya kukufungulia nakala ya pili. Natamani kila kivinjari kingefanya hivyo.

Upungufu upo. Haitafuti maandishi ya ndani ya ukurasa, kwa hiyo anayekumbuka sentensi tu hapati kitu. Hata hivyo, Chrome huweka historia ya siku 90 kwenye kompyuta, wakati Firefox haina ukomo wa siku. Hupunguza za zamani pale tu zinapokuwa nyingi mno. Kwa mtu anayerejea mambo ya mwaka jana, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Kichupo kikifungwa kwa bahati mbaya, Ctrl+Shift+T hukirudisha pamoja na njia yake ya nyuma, yaani bado unaweza kurudi kwenye kurasa ulizopitia humo. Washa pia mpangilio wa kufungua vichupo vya awali. Ukiwasha kompyuta upya, vyote vinarudi, lakini kila kimoja hupakia pale unapokibofya tu, hivyo mashine hailemewi.

Kuhusu dirisha la faragha, watu wengi hulitegemea kupita kiasi. Halihifadhi historia kwenye kompyuta yako, basi. Tovuti yenyewe na anayekupa intaneti bado wanaona ulikopita. Kama unataka tu tovuti moja isionekane kwenye kompyuta mnayotumia wengi, fungua historia, bofya tovuti hiyo kwa kitufe cha kulia, uchague kuisahau. Historia na vidakuzi vyake (faili ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta) vinaondoka, vya tovuti nyingine zote vinabaki.